Mkanda Haubebi Kilele

Mapendo mwanangu,

Kuna sauti moja ambayo haijanitoka. Ni sauti ya vijiwe vidogo vikianguka juu ya bati: kimoja, kisha kimya, kisha viwili vitatu kwa pamoja. Nilikuwa nimesimama kwenye uzio wa mahali wanapooshea madini, nimeshika sufuria ya chakula cha baba yako, na ule mkanda mrefu wa mpira ulikuwa ukipita juu ya kichwa changu, ukipandisha changarawe kutoka shimoni. Niliposikia vile vijiwe nilitazama juu. Nilidhani ni matone ya kwanza ya mvua. Mbingu ilikuwa nyeupe, haina hata wingu. Nikacheka peke yangu, nikampa mlinzi sufuria, nikarudi nyumbani kutwanga sombe, yale majani ya mhogo.

Haikuwa mvua. Ilikuwa hesabu yangu ikimwagika. Siku iliyofuata mkono wa Bauma, mdogo wa baba yako, uliingia kwenye pipa la chuma linalozungusha mkanda.

Ajali unaijua; kambi nzima inaijua. Ulimwona baba yako mdogo akibebwa juu ya mlango uliong'olewa, na nilikuziba macho nikiwa nimechelewa. Usichokijua ni kwamba ule mzigo ambao mkanda ulilazimishwa kubeba ulipimwa nyumbani kwetu, juu ya meza ileile unayolia chakula, na aliyeupima ni mimi.

Kesho alfajiri kamyo ya kampuni, lile lori la mizigo, inapanda Masisi, kisha inashuka ziwani, na wewe utakuwemo ukienda shule ya masista. Mambo ya sabuni, ya nguo, ya namna ya kuwaamkia wakubwa, tumekwisha kuyasema, na mengine utayaona kwa wenzako. Nataka kuzitumia karatasi hizi kwa jambo ambalo mdomo wangu unashindwa mbele ya uso wako. Nikianza kusema, wewe unauliza, na ukiuliza nalia. Jua bado halijashuka, umekwenda kuwaaga rafiki zako, na nyumba iko kimya. Acha niandike.

Wiki nzima iliyopita Bauma alikuwa ameandikiwa kupanda kamyo hiyohiyo. Si kama msafiri. Kama mtu aliyefukuzwa. Waliandika kwamba ni mzembe, kwamba alitia mkono mahali palipokatazwa, na mzembe hana haki ya kukaa kambini wala ya kutibiwa na mganga wa kampuni. Kidonda chake bado kibichi. Unajua njia ilivyo kutoka huku Walikale mpaka kwetu Muheto, na unajua kule hakuna dawa ya kidonda kama kile isipokuwa majani na maombi. Mzembe. Mtu ambaye ulipokuwa na surua alikubeba mgongoni tangu Muheto, akiimba ili usisikie kiu. Neno hilo limenikaa kooni kama mwiba wa samaki.

Nianzie mbali kidogo.

Kule milimani nilikokulia, kipimo cha sokoni ni kitunga, na kitunga kisicho na kilele ni matusi. Tate wako, mama yangu, aliuza maharage. Alijaza kitunga mpaka ukingoni, akaongeza kwa viganja viwili, akaongeza tena, mpaka maharage yakasimama kama kilima na kuanza kuteleza pembeni. Mnunuzi alikuwa ametandika nguo yake chini, na yaliyoanguka yalikuwa yake. Siku moja, nikiwa mdogo kuliko wewe, nilimpimia mama mmoja sawa na ukingo. Mama yangu alinipokonya kitunga mbele za watu.

"Unataka waseme mimi niko mutu ya choyo?" aliniuliza. "Kujaa njo kumwagika. Kama haijamwagika, haijajaa."

Kwamba kujaa ni kumwagika, nilijua kabla sijajua kusoma. Baadaye, kwa masista, tulifundishwa ujazo. Sista alijaza kopo la maharage, akapitisha rula juu yake, akakata kilele chote. Maharage yakatawanyika mezani, mengine yakaenda sakafuni, naye hakuyatazama. Nilishtuka sana, mwanangu. Nilitazama chini kuona kama kuna aliyetandika nguo. Niliandika majibu aliyoyataka, nikapata alama nzuri, nikawa wa kwanza darasani. Lakini moyoni sikumwamini. Nilitoka shuleni na hesabu za Kizungu kichwani na kitunga cha mama yangu mikononi, na sikujua kwamba siku moja nitapaswa kuchagua kimoja.

Nilikuzaa ningali msichana. Ndiyo maana watu wakituona njiani huuliza kama wewe ni mdogo wangu. Baba yako akapata kazi ya ukarani huku, tukashuka kutoka kwenye baridi yetu tukaingia katika msitu huu wenye joto na matope mekundu. Nilidhani nitafundisha. Kambini hapakuwa na shule ya wasichana. Nilitwanga, nilifua, nilipika, nilishona. Akili yangu ikawa kama kisu kizuri kinachokata mboga tu. Sikulalamika mbele yako, lakini wewe ni mtoto unayetazama, na nadhani uliona.

Kisha ukaja mkanda. Kabla yake changarawe ilipanda kwa vichwa vya watu, kitunga kwa kitunga, na kila mtu alijua mtu mmoja anaweza kubeba nini. Mkanda haukuwa na kichwa wala mgongo. Hakuna aliyejua unaweza kupandisha kiasi gani kwa siku moja, na mzungu wa mitambo, aliyepaswa kujua, alikuwa amelala na homa. Alimwita baba yako kitandani, akamwambia ampatie hesabu hiyo, ili apange wapiga beleshi na kipimo chao cha siku.

Baba yako alirudi jioni, akakaa bila kuvua viatu.

"Mama Mapendo," alisema, "saidia mimi kidogo. Uko na kichwa ya hesabu."

"Wewe njo karani," nikamjibu.

"Karani ya kuandika. Haiko karani ya kuzidisha."

Ulicheka sana uliposikia hivyo. Ulikuwa ukipepea moto. Mimi nilikuwa tayari nimefuta meza.

Nilimwambia ninachohitaji. Kwanza, hatua moja ya mkanda inabeba vitunga vingapi. Pili, mkanda unakimbia namna gani. Kesho yake alisimamisha mkanda wakati wa mapumziko, akamwita ndugu yake Bauma, wakajaza kipande cha hatua moja. Kisha mkanda ulipotembea tena, mtupu, akachora alama ya chaki pembeni yake akaifuata kwa saa ya mkononi aliyoazimwa. Aliniletea majibu, nami nikamuuliza swali moja tu. Nalikumbuka kuliko swali lolote nililowahi kuulizwa na sista.

"Mulijaza na kilele, ao sawa ya ukingo?"

Baba yako alicheka. "Weye ni mutu ya Muheto kabisa! Bauma alijaza mpaka ikaanza kuanguka. Si njo kujaa?"

"Njo kujaa," nikasema.

Basi. Hapo ndipo. Nikitazama nyuma naona mahali hasa nilipoteleza, na bado siamini udogo wake. Nilichukua kilele cha mkanda uliosimama, nikakizidisha kwa hatua zote zinazopita katika saa, nikazidisha kwa saa za kazi. Nikatoa hata muda wa kula, nikajiona mwangalifu. Sikuwahi kuuona mkanda ule ukitembea na mzigo juu yake; kutoka uzioni unaona tumbo lake tu. Wanawake hatuvuki uzio. Nilihesabu kitu nisichokijua kama mtu anayetabiri sura ya mtoto aliye tumboni, na sikuona aibu.

Nitakuambia kitu kigumu kukiandika kuliko kosa lenyewe. Jioni ile nilikuwa na furaha. Tangu nilipoondoka shuleni sikuwahi kufurahi vile. Namba zilikuja zikijipanga zenyewe, kila moja ikijua mahali pake, na wewe uliniuliza, "Mama, juu ya nini unaimba?" Sikujua kama naimba. Ningeweza kusema kwamba nilikuwa nimechoka, au kwamba baba yako alinisukuma. Hapana. Nilikuwa mtu mwenye njaa aliyewekewa chakula, na mwenye njaa haulizi nani amepika.

Mzungu aliisoma hesabu kitandani, akaipenda. Ilikuwa kubwa. Ikaandikwa kwa chaki kwenye ubao pale shimoni, ikawa kipimo cha siku. Yaani, mkanda lazima upite umejaa vile nilivyoujaza mimi mezani, tangu asubuhi mpaka jioni, bila pengo. Kama haukupita umejaa, wapiga beleshi ndio wavivu.

Jumapili Bauma alikuja kula kwetu kama kawaida yake. Viganja vyake vilikuwa vimepasuka. Unakumbuka? Alikuonyesha, ukavipaka mafuta ya mawese.

"Shemeki," aliniambia, "leo weka maharagi mingi. Ule mupira unakula kutupita sisi wote, na haushibi."

"Bauma, hata zamani ulikuwa mlafi," nikamtania.

"Mimi? Muulize mwenye alifanya ile hesabu ya kwenye ubao. Ule mutu hajagusa beleshi hata siku moja. Mikono yake laini sawa ya padri!" Akamgeukia baba yako. "Papa Mapendo, weye uko karani, tuambie. Ni padri gani alitufanyia vile?"

Baba yako alikohoa. Wewe ulicheka mpaka ukapaliwa. Mimi nilisimama na mwiko mkononi, nikamwongezea maharage, nikaongeza tena, yakaanguka pembeni mwa sahani. Bado naona yale maharage mezani.

Siku chache baadaye ndipo nilipoisikia mvua isiyokuwapo.

Sasa najua kilichokuwa kikitokea, kwa sababu nimeuliza na nimeona. Watu walirundika changarawe mpaka ukingoni na kilele juu yake, kama ubao ulivyotaka. Mkanda ukianza kupanda, unapita juu ya vigurudumu vinavyoushika, na kwenye kila kigurudumu unatikisika. Kilele nacho kinatikisika. Kinakaa chini, kinapanuka, kinatafuta pembeni, na pembeni hapana nafasi, kwa hiyo kinaanguka. Vijiwe vinavyoanguka vinarundikana chini, karibu na lile pipa la mwisho ambako mkanda unageuka, na visipoondolewa vinakwaruza mpira mpaka uchanike. Lazima mtu avichote. Kusimamisha mkanda ili avichote salama ni kukosa kipimo. Basi walichota mkanda ukitembea, na walimchagua Bauma kwa sababu ana nguvu na mkono mwepesi.

Siku ile injini ya mkanda, inayokunywa mafuta ya mazutu, ilishusha sauti, ikanguruma chini kama ng'ombe aliyekwama kwenye tope. Michi yote ya kambini ikasimama. Nakumbuka nilifikiri: mkanda umezidiwa. Nilifikiri hivyo kwa utulivu kabisa, kama mtu anayejibu swali darasani. Kisha nikaona watu wanakimbia na mlango.

Hukuniuliza kwa nini siku ya tatu baada ya ajali nilichukua nguo yako ya bluu, ile uliyoshonewa Noeli, nikaitandika mezani juu ya vijiti vya mhogo. Nilijaza maharage katikati yake mpaka ukingoni, nikatia na kilele, nikakupa ncha moja.

"Mama, tunacheza nini?"

"Vuta polepole."

Ulivuta. Kijiti cha kwanza, kilele kikatetemeka. Cha pili, kikakaa. Cha tatu, maharage yakaanza kuruka kutoka pembeni, ukacheka ukaanza kuyaokota, ukisema Tate wako wa Muheto angefurahi. Nikakwambia inua ncha yako, iwe kama mlima. Yakateleza zaidi. Kisha nikajaza upya, nikaacha kingo mbili za nguo wazi, upana wa vidole vinne kila upande, bila kilele, mgongo mdogo tu katikati. Ukavuta. Halikuanguka hata moja. Nikayakusanya yale yaliyopita salama, nikayapima kwa kikombe. Hayakufika nusu ya yale ya kwanza.

Hayakufika nusu, Mapendo. Nilitoka nje nikaushika ukuta wa nyumba. Ukaniuliza kama nina homa, nikasema ndiyo.

Jioni nilimweleza baba yako. Alinisikiliza mpaka mwisho, na nataka ujue kwamba hakunipigia kelele. Alikuwa akipiga misumari kwenye sanduku lako la mbao. Aliweka nyundo chini.

"Nani anajua?" aliuliza.

"Wewe na mimi."

"Iache hivyo."

"Na Bauma?"

Alizungusha msumari kati ya vidole. Ni ndugu yake wa tumbo moja, usisahau hilo hata ukimkasirikia. "Mama Mapendo, sikia. Batasema nini? Karani anafanyiwa kazi na bibi yake, kiisha anapeleka kwa mzungu sawa yake mwenyewe. Nitafukuzwa ao nitapewa beleshi. Na ile karatasi ya shule ni ya mutoto wa karani. Kama siko karani, Mapendo anaenda wapi? Acha kamyo iende kwanza. Mutoto akifika kwa masista, akiisha kuingia darasani, mimi mwenyewe nitaenda kusema."

"Kamyo ikienda, Bauma iko ndani."

"Najua."

"Na kidonda yake."

"Najua!" alisema, na sauti yake ikapasuka. Akaichukua nyundo tena, akakosa msumari, akajigonga kidole. Hakulia kwa sababu ya kidole.

Nikaenda kwa Bauma pale kwa mganga. Nilidhani nikimwambia atanitukana, na nilitaka anitukane. Alikuwa amelala ubavuni, mkono umefungwa bendeji mpaka kwenye kiwiko, uso umekuwa mdogo. Nilimwambia kila kitu: swali la kilele, furaha yangu, nguo yako.

"Kumbe padri ni weye," alisema.

Nikamwambia nataka kwenda kusema kwa mzungu.

"Shemeki, nyamaza. Mutoto aende kwanza. Mimi nitafika Muheto. Nitachunga ngombe, ngombe haziulizi mikono ngapi."

"Utaoza njiani, Bauma."

"Basi mutaniosha." Alijaribu kucheka. Kisha akageuza uso ukutani, akasema kwa sauti ya chini, "Tena usiniletee maharagi."

Nimelibeba neno hilo siku hizi zote. Watu wawili wanaokupenda walikuwa wameniambia jambo moja: ngoja. Kila mmoja alikuwa tayari kuongezewa mzigo ili wewe upite. Na nikaona, nikiwa nimekaa hapa mezani, kwamba tulikuwa tukifanya tena jambo lilelile. Tulikuwa tukirundika juu ya mtu kwa sababu hajalalamika bado, na tukiita huko kujaa.

Sijui kama hilo ni somo. Mimi mwenyewe sijatulia kiasi cha kuitwa mwalimu. Naamka asubuhi na mikono baridi. Nikiona namba yoyote, hata bei ya chumvi, natafuta mtu aliye chini yake. Huenda itapita. Utasifiwa kwa masista, nakujua. Hesabu unazipenda kama mimi, na utaisikia ile furaha. Usiiogope. Ni nzuri, nisingependa uikose. Ila ukishapata jibu na moyo ukaanza kuimba, inuka uende ukakitazame kile ulichokihesabu, kikiwa kinatembea. Wakikukataza kuvuka uzio, sema kwamba hesabu yako haijakwisha. Mimi sikusema. Niliona fahari kuweza kujibu bila kuona.

Na tena: Tate wako hakukosea. Akipima maharage kwa jirani, kilele ni upendo, kwa sababu anakitoa kwenye chakula chake mwenyewe. Mimi nilikitoa kwenye migongo ya watu wengine. Nimetafuta mahali pengine pa kuweka tofauti, sikupata.

Sasa nikwambie lililobaki.

Leo asubuhi, ulipokuwa mtoni ukifua nguo zako za safari na baba yako amekwenda kazini, nilivaa viatu vyangu vya harusi nikaenda nyumbani kwa mzungu wa mitambo. Sikumwambia mtu. Alikuwa barazani, bado wa manjano kwa homa, akinywa chai. Nilimsalimu kwa Kifaransa cha masista, nikamweleza kwa Kifaransa. Alisikiliza, kikombe mkononi, kisha akanijibu kwa Kiswahili kana kwamba hakusikia lugha yake ikitoka kinywani mwangu.

"Bwana yako njo alikutuma?"

"Hapana."

"Anajua uko hapa?"

"Hapana."

"Basi nani alifanya hesabu?"

"Mimi. Na iko mbaya. Twende kwenye mkanda, nitakuonyesha."

Nilidhani atanifukuza. Nadhani hata yeye alidhani hivyo. Lakini alikuwa mtu wa mitambo, na neno "mbaya" lilimuuma. Alivaa kofia. Nilivuka uzio nyuma yake, na wapiga beleshi wakaacha kazi kunitazama. Nikaomba wajaze mkanda bila kufika pembeni, bila kilele, mgongo mdogo katikati. Kapita, msimamizi wao, alimtazama mzungu, mzungu akaitikia kwa kichwa. Tulisimama chini ya mkanda, kwenye bati, tukatazama. Tulisimama muda mrefu. Halikuanguka jiwe. Kisha akaamuru wajaze kama ubao ulivyosema, na baada ya muda mfupi tukalazimika kusogea.

Baba yako alikuwa ametoka ofisini. Aliniona pale, katikati ya wanaume, na viatu vyangu vya harusi vimejaa matope. Sikuweza kuusoma uso wake. Bado sijaweza.

Mzungu aliufuta ubao kwa kiganja chake mwenyewe. Akasema kipimo kitashuka. Akasema Bauma atabaki kwa mganga mpaka kidonda kifunge, halafu atatafutiwa kazi ya ulinzi, na neno la uzembe litaondolewa. Nilisubiri mpaka nikamsikia akimwambia mganga mwenyewe. Kisha akamgeukia baba yako. Alisema karani anayeleta kazi ya mtu mwingine kama yake si karani, na kesho atachukua beleshi pamoja na wengine. Kuhusu wewe hakusema kitu, mpaka nilipouliza. Akajibu kwamba karatasi ya shule ilitolewa kwa mtoto wa karani, na kwamba ataandika kuwaarifu masista wafanye watakavyo.

Kwa hiyo kesho utapanda kamyo, kwa sababu safari ilikwisha kuandikwa, lakini hutakaa mbele na dereva. Utakaa juu ya magunia. Bauma hatakuwa pembeni yako. Masista wanaweza kukupokea; nimekuandikia barua nyingine ya kuwapa, na yule aliyenifundisha bado yuko. Wanaweza pia kukurudisha na kamyo ya wiki ijayo. Wakikurudisha, usitafute kosa lako mwenyewe wala usimlaumu baba yako, kwani yeye alitaka tungoje mpaka ufike mahali salama. Nilijua bei ya kusema kabla sijavaa viatu. Niliijua nikipita mtoni. Nilikuona umeinama, unaimba, unasugua ile nguo ya bluu, na sikusimama.

Mama yako